Shabu katika banda la kuku wa nyama: tathmini baada ya makundi mawili

Bidhaa ninayoitathmini hapa haikutengenezwa kwa ajili ya mfugaji. Ni shabu, yaani salfeti ya alumini, ile ile inayotumika katika mitambo ya kusafisha maji na ambayo wengi wetu tuliiona nyumbani ikituliza tope kwenye ndoo. Niliinunua katika duka la kemikali jijini Dar es Salaam baada ya kundi langu la kuku 300, hapa Kibaha, kufikia wiki ya tatu macho yao yakiwa yamevimba, huku gesi ya amonia ikinikaba koo kila alfajiri nilipofungua mlango.

Kabla ya hapo nilikuwa nikinyunyiza chokaa, kama wafugaji wengi tunavyoshauriana, na sina budi kueleza kwa nini ilinizidishia tatizo. Kinyesi cha kuku kina asidi ya yuriki, ambayo bakteria waliomo kwenye maranda yaliyotandikwa sakafuni huivunja na kuzalisha amonia. Maranda yakiwa na hali ya asidi, sehemu kubwa ya amonia hiyo hubaki imefungwa humo kama chumvi ya amoniamu. Yakielekea upande wa magadi, yaani kinyume cha asidi, amonia hugeuka gesi na kupaa. Chokaa iko upande huo wa magadi, kwa hiyo kuimwaga juu ya maranda yenye kinyesi ni kuisukuma gesi itoke kwa wingi na kwa haraka, mbele ya kifaranga ambaye pua yake iko sentimita chache tu kutoka chini. Chokaa ibaki kwenye kuta na kwenye sakafu tupu iliyokwisha kufagiliwa.

Shabu hufanya kinyume chake, kwani ikikutana na unyevu huyatia maranda asidi na kuizuia amonia isipae. Jambo hili si la kubahatisha. Watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani, akiwemo Philip Moore katika jimbo la Arkansas, walilichunguza kuanzia miaka ya 1990, na wakaonyesha pia kwamba shabu huishika fosforasi ya kinyesi isisombwe kirahisi na mvua. Kiwango kinachotumika huko ni takriban gramu 45 hadi 90 kwa kila kuku wa nyama. Mimi nilitumia kilo 14, ambazo ni kiwango cha chini, na gharama yake haikufikia nusu ya bei ya mfuko mmoja wa chakula.

Malalamiko yangu kwa muuzaji ni mawili. Shabu ilikuja kwa mabonge, nikalazimika kuitwanga kinuni, na mfuko haukuwa na maandishi yoyote ya tahadhari, ilhali unga wake huwasha macho na kifua. Asiye na barakoa, miwani na glavu asiuguse kabisa. Kundi lile lilipotoka, niliondoa kwanza maranda yaliyogandamana chini ya vyombo vya maji, nikaunyunyiza unga sawasawa juu ya yaliyobaki, nikauchanganya kwa reki, na siku iliyofuata nikaingiza vifaranga.

Matokeo yalikuwa mazuri kuliko nilivyotazamia. Kwa wiki tatu niliweza kuchuchumaa usawa wa kuku, alfajiri kabla ya kupandisha mapazia, bila macho kutoa machozi. Ninasisitiza kuchuchumaa, kwa sababu aliyesimama mlangoni havuti hewa wanayovuta kuku, na pua ya mwenye banda huizoea harufu hata isimwonye tena. Mimi humwomba mgeni ainuse kwa niaba yangu. Kiwango cha amonia ambacho wataalamu hushauri kisipitwe ni sehemu 25 kwa milioni, lakini kwa kuwa sina kipimo siwezi kudai nilikuwa chini yake. Ninachoweza kusema ni kwamba katika makundi yote mawili yaliyofuata sikuona jicho lililovimba, na jirani wa upande unakoelekea upepo aliacha kufunga madirisha mchana.

Katika wiki ya nne harufu ilianza kurudi, kwani nguvu ya shabu huisha baada ya wiki tatu au nne. Kwa kuku anayeuzwa akiwa na wiki tano inatosha. Kwa kuku wa mayai sishawishiki kwamba ni suluhisho. Vumbi pia haikulipunguza hata kidogo, kwa sababu vumbi la bandani hutokana na manyoya, magamba ya ngozi, chakula na maranda yaliyokauka kupita kiasi. Mwenye nguruwe naye asiimwage shabu kwenye shimo la kinyesi cha majimaji, kwani kulitia asidi shimo la namna hiyo kunaweza kufyatua haidrojeni salfaidi, gesi inayoua.

Kwa kazi ya kuzuia amonia wakati wa vifaranga, naipa alama nne kati ya tano, kwa sharti kwamba maranda hayajalowa. Ninayapima kwa kuyafumbata: yakishikana kidogo kisha yakavunjika, yako sawa, yakibaki bonge, maji yamezidi, na hapo hakuna kiasi cha shabu kitakachosaidia. Kundi lijalo nitapandisha kiasi hadi kilo 20, baada ya kubadilisha vyombo viwili vya maji vinavyovuja kwenye kona ya nyuma, ambako hata safari hii harufu ilitangulia kurudi.