Uzoefu wangu na masomo ya gita ya mtu mmoja mmoja hapa Tanga

Nimesoma gita kwa walimu wawili hapa Tanga, wote kwa kulipa. Wa kwanza alikuwa fundi kweli wa vidole, ukimsikia unasahau ulichokifuata. Shida ni kwamba saa nzima anapiga yeye, wewe unaangalia, kisha anakuaga: "Haya, kafanye mazoezi." Mazoezi gani, nianzie wapi, nimalizie wapi, hakuna. Nikifika nyumbani naupiga wimbo tangu mwanzo, nakwama palepale pa jana, narudi mwanzo. Mwanzo wa wimbo nikaumudu kama nini, katikati pakabaki pabovu vilevile. Nikaacha.

Wa pili ndiye ninayeandika habari zake. Ni mzee aliyewahi kupiga ridhimu kwenye bendi, anafundishia barazani kwake upande wa Makorora. Jina silitaji kwa sababu hajaniruhusu, na kupigiwa simu hapendi. Somo ni dakika 45, elfu kumi, unalipa mkononi, risiti usiulize.

Kinachomtofautisha ni dakika kumi za mwisho. Hapo hafundishi kitu kipya. Anaegemea ukuta, anasema: "Mimi sipo tena. Uko kwako, umeshaswali magharibi, shika gita lako." Halafu anakaa kimya ananitazama ninavyofanya mazoezi. Siyo ninavyopiga, ninavyofanya mazoezi. Na hapo ndipo anaposahihisha.

Mfano: nilikuwa nasumbuka kuhama kutoka kodi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ya A maina kwenda ya C. Kila nikihama nanyanyua vidole vyote, napapasa upya, pigo limeshapita. Akanizuia mkono wa kulia kabisa, nisiguse nyuzi. "Tazama kushoto tu." Kumbe kidole cha shahada na cha kati havina safari yoyote, viko pale pale katika kodi zote mbili, anayehama ni kidole cha pete peke yake, anatoka uzi wa tatu kwenda uzi wa tano. Akanihamisha hivyo, kimya kimya bila sauti, mpaka kidole kikaacha kutafuta. Ndipo akaruhusu mkono wa kulia, pigo moja kwa kila kodi.

Kwa mapigo anatumia programu ya metronomu ya kwenye simu, ile inayogonga mapigo sawasawa, zipo za bure tele. Tunaanza na mapigo 60 kwa dakika, na huongezi mpaka kipande kitoke safi mfululizo. Ukiongeza, unaongeza manne tu. Kijana mwenye haraka atachukia, mimi mwenyewe wiki za mwanzo nilikuwa nauma meno. Lakini anaeleza sababu: ukipiga kwa kasi huku unakosea, mkono unahifadhi lile kosa, na kulitoa baadaye ni kazi kubwa kuliko kujifunza.

Daftarini ananiandikia mstari mmoja, si kurasa. "Kipande cha tatu, C kwenda G, 64." Basi. Anataka dakika 20 kila siku kuliko saa mbili za Jumapili, na kwa anayeanza kwenye nyuzi za chuma ana haki: ncha za vidole zikishaanza kuwaka moto huwezi kubonyeza sawasawa, unabaki kujidanganya. Mwisho wa kila zoezi najirekodi kwa simu na kusikiliza. Simu haina adabu, inakwambia yote.

Kabla yangu huwa anasoma binti mdogo wa kinanda, mama yake humsubiri pale pale mkekani. Siku moja mama analalamika, "Mwalimu, huyu kila nikimuuliza kama amefanya mazoezi ananiambia tayari." Mzee akamjibu: "Usimuulize, mama. Mwambie akupigie kile kipande kigumu, wewe ukae usikilize hata kama hujui." Nadhani ushauri huo peke yake una thamani ya ada ya mwezi.

Jambo lingine, hakuna kugusa gita kabla ya kuiimba ile sauti kwa mdomo. Watu wa Tanga hili hatupaswi kulishangaa. Kwenye taarab ya vikundi vyetu vya zamani, kina Black Star na Lucky Star, gita lilikuwa linajibizana na mwimbaji, na usipojua mwimbaji anakwenda wapi utamjibu nini?

Sasa kasoro zake. Harusi zikipamba moto, hasa mwezi wa Shaabani, anaalikwa kupiga na somo linaahirishwa ukiwa umeshafika mlangoni. Alinifidia kila mara, lakini nauli ya bodaboda hafidii mtu. Pili, nota zilizoandikwa hafundishi, anakwenda kwa sikio na kwa do-re-mi ya kwaya. Mwenye nia ya cheti au ya kusoma muziki kwa kitabu aende Bagamoyo, TaSUBa, chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 kikiitwa Chuo cha Sanaa. Huku atapoteza muda wake. Tatu, barazani ni barabarani: pikipiki, muuza kashata, watoto wanaochungulia. Yeye anasema ndivyo jukwaani kulivyo. Sikubaliani naye sana, ila nimezoea.

Nikimpa alama, nne kati ya tano, na hiyo moja imeliwa na harusi.

Anayetaka kuanza asikimbilie kununua gita. Mzee analo la kuazimisha kwa mwezi wa kwanza, zito kidogo lakini shingo yake imenyooka. Ukilichukua, lifute nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, maana kwa huu upepo wa bahari jasho la vidole likibaki juu yake kutu haichelewi, na nyuzi mpya zitakuwa juu yako.