Uchambuzi wa Kitabu: Barua za Smuts katika Kumbukumbu za Lettow-Vorbeck

Watazamaji wapendwa, kitabu nilichokishika ni kumbukumbu za Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani katika Afrika Mashariki wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1920. Mapigano nitayaacha kando, nizungumzie barua, kwa kuwa ndizo zilizonirudisha kukisoma mara ya pili.

Mwaka 1916, majeshi ya Jenerali Jan Smuts, kamanda wa upande wa Waingereza, yakiwa yameshaiteka Morogoro na kukwama mbele ya Kisaki, Smuts alimwandikia adui yake akimtaka asalimu amri. Ukiisoma juu juu, ni barua ya mshindi. Lakini Lettow-Vorbeck anaeleza kwamba kwake ilikuwa dalili kuwa mwenzake amefika mwisho wa nguvu zake. Hoja hiyo naiona nzito, kwani aliye na uwezo wa kummaliza adui hana haja ya kumbembeleza. Baadaye ikaja barua nyingine, chini ya bendera nyeupe, ambamo Smuts alimpongeza kwa kutunukiwa Pour le Mérite, nishani ya juu ya kijeshi ya Kijerumani. Lettow-Vorbeck alishukuru kwa adabu ileile, ingawa mwanzoni alidhani Smuts ameichanganya na nishani nyingine aliyokwisha kuipata. Hebu fikirini: heshima aliyopewa na Kaisari wake inamfikia kwa mkono wa mtu anayemwinda!

Kasoro ya kitabu ni kwamba anayesimulia ndiye anayejisifia. Barua za Smuts tunazipata kwa tafsiri ya aliyezipokea, na Smuts hana nafasi ya kujibu. Tena wapagazi, ambao bila mabega yao jeshi lisingesogea hata hatua moja, wanapita kurasani bila majina, na hilo linaniuma. Majina ya mahali yameandikwa kwa tahajia ya zamani, kwa hiyo wekeni ramani karibu.

Mkikipata, anzeni na Novemba 1918, pale anapokamatwa mpanda pikipiki wa Kiingereza akiwa na habari kwamba vita vimesimamishwa. Kamanda aliyezoea kutafuta hila katika kila neno la adui alilazimika kupima kama hii nayo ni hila. Safari hii adui alisema kweli, na tarehe 25 mwezi huo silaha ziliwekwa chini Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, nchini Zambia.