Penseli za kuchora fuvu la ayala: zipi ununue, zipi uziache dukani

Anayeanza kuchora fuvu lenye pembe za matawi aghalabu hukimbilia boksi la penseli 24. Asubiri kwanza. Fuvu la ayala (deer kwa Kiingereza) linakudai mambo matatu: weupe wa mfupa, mistari myembamba, na weusi mzito ndani ya matundu ya macho na pua. Penseli tatu zinayamaliza yote, na hela inayobaki ukanunulie karatasi.

Kwa wanaomjua ayala kupitia Zaburi ya 42 tu: si swala huyu. Pembe za swala ni ganda gumu lililouvaa mfupa, na hukaa naye maisha yake yote. Za ayala ni mfupa wenyewe, hudondoka kila mwaka zikaota upya. Chini kabisa, pale pembe inapotoka kwenye kichwa, kuna kigutu kifupi, na juu yake pete yenye vinundu vinundu. Pete hiyo ndiyo inayoiumbua penseli mbovu, kwa sababu kila kinundu kinataka ncha kali upande mmoja na kivuli laini upande wa pili.

Nafasi ya kwanza: penseli tatu za kuchagua mojamoja (2H, 2B, 6B). Herufi H ni ugumu, B ni weusi, na namba ikikua sifa hiyo inazidi. Tangu Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alipoanza kuchanganya unga wa grafaiti (madini meusi yanayoandika) na udongo mwaka 1795, siri ni ileile: udongo ukizidi penseli inakuwa ngumu na hafifu, grafaiti ikizidi inakuwa laini na nyeusi. 2H ni ya mishono ya fuvu, ile mistari ya kupindapinda pale mifupa ilipoungana. 2B ndiyo itakayofanya kazi kubwa: mifereji inayopanda na pembe, shavu, taya. 6B iweke kwa ajili ya matundu, na usiiguse mpaka mwisho.

Ukizipata, chukua Staedtler Mars Lumograph (zile za bluu) au Faber-Castell 9000 (za kijani, zinazotengenezwa tangu 1905). Zote ni za Ujerumani, na kati ya hizo mbili nunua iliyo rahisi zaidi siku hiyo. Ukikosa 2H, ile HB ya njano na nyeusi ya shuleni, Staedtler Noris, inaibeba kazi vizuri ukiichonga mara kwa mara.

Nafasi ya pili: penseli moja ya mkaa. Si ya lazima, ila ina sababu. Grafaiti ikikandamizwa sana inang'aa. Ukiupiga mchoro picha kwa simu ili uutume, lile tundu la jicho ulilolihangaikia linatoka la kijivu chenye mng'aro. Mkaa haung'ai. Ubaya wake ni kuchafua, kwa hiyo weka karatasi safi chini ya kiganja unapochora.

Nafasi ya tatu: penseli ya kubonyeza ya milimita 0.5. Kwa vinundu na mishono haina mpinzani, na huhitaji kichongeo. Kwenye kivuli cha eneo kubwa ndipo inapokuchosha. Kama tayari unayo ya shuleni, itumie badala ya 2H, usinunue nyingine.

Nafasi ya mwisho: boksi la 24 lisilo na jina. Utalipia herufi ambazo fuvu halizihitaji. Isitoshe, kwenye maboksi mengi ya namna hii 4B, 5B na 6B zinatoa weusi uleule. Jaribu palepale dukani: "Bosi, naomba kipande cha karatasi niijaribu." Kwaruza 2B na 6B sambamba, usipoona tofauti, rudisha. Kisha iangalie penseli kwa kitako. Risasi, yaani ule uti mweusi unaoandika, ikiwa imekaa pembeni badala ya katikati ya mti, kila ukichonga utapata upande mmoja wa mti umefunika ncha. Na iliyoangushwa sana hukatikakatika ndani kwa ndani. Unachonga, inavunjika, unachonga tena, imeisha.

Sasa karatasi. Ya fotokopi ya gramu 80 inafaa mazoezi ya umbo tu, kwani ukifuta mara mbili inaota manyoya. Tafuta ya gramu 160 hadi 200 isiyoteleza. Manila ya mabango ninaikataa moja kwa moja: ina nguvu, lakini nyingi ni laini mno, 6B inateleza juu yake bila kushika.

Raba nunua ile ya kukanda kama ipo. Unaiminya ikawa na ncha, ukadonoa mwanga kwenye kilele cha kila tawi la pembe, maana ncha hizo husuguliwa na ayala mwenyewe zikawa nyeupe kuliko shina. Raba nyeupe ya kawaida iliyokatwa kona kwa wembe inakaribia.

Kuhusu kitu cha kuangalia unapochora: Afrika ayala wa asili yuko kaskazini tu, Aljeria na Tunisia, kwa hiyo wengi wetu tutatumia picha. Tafuta za pande tatu, mbele, ubavuni na juu, za fuvu lilelile. Usiokote fuvu la mnyamapori porini ukalipeleka nyumbani. Tanzania na Kenya kukaa na nyara bila kibali ni kosa. Ukitaka fuvu la kushika mkononi, nenda buchani ununue kichwa cha mbuzi mwenye pembe, mkanywe supu, kisha uendelee kukichemsha taratibu mpaka nyama yote iachie. Ganda la pembe nalo litavuka na kuacha kigutu cha mfupa. Meno ya mbele ya juu hutayaona, na kwa ayala ni vilevile, kwa hiyo mazoezi ya taya utakayoyafanya kwa mbuzi yanahamia kwake bila kubadilisha kitu kikubwa.