Upatanishi wa mahakamani kwa kesi ya ploti: nyota tatu na nusu kati ya tano

Siku niliyonunua ploti, mwaka 2018, mzee aliyeniuzia alinikabidhi vitu viwili: barua ya kugawiwa ploti kutoka baraza la manispaa la zamani, na kopo la mafuta ya Kimbo limejaa risiti. Barua niliipeleka ikatiwa plastiki. Kopo nusura nilipandie dania.

Mimi ni mama wa mitumba hapa Kibuye, Kisumu. Ploti iko mji mwingine huku magharibi, na sitautaja kwa sababu karani wake bado ninamhitaji.

Nilipoenda kubadilisha jina, karani huyo alifungua daftari, akashuka na kidole hadi kwenye namba yangu. "Mama, una hakika ni hii?" Namba ilikuwa hiyo hiyo. Jina lililoandikwa pale halikuwa la mzee wala langu. Faili je? Mabaraza ya miji yalikwisha 2013 kaunti zilipoanza, na katika kuhamahama huko faili yetu haikuonekana tena. Rudi Jumatano, akaniambia.

Nilirudi Jumatano kumi na moja. Kijana mmoja pale nje akasema kwa elfu ishirini faili itajileta yenyewe. Sikutoa, na nisijisifu bure, sikuwa nazo. Kwa chifu tulisikilizwa vizuri, ila chifu hana uwezo wa kufuta jina kwenye daftari la kaunti.

Basi mahakama ya ardhi. Kesi ikiwa huko, wakili akaniambia kwamba mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Torino Enterprises, ilishikilia kuwa barua ya kugawiwa ardhi peke yake haimfanyi mtu mwenye ardhi. Nikaikumbuka ile plastiki.

Mahakama ikatupeleka kwa upatanishi. Mpango huu ulianza kwa majaribio Nairobi mwaka 2016. Mnapewa siku 60, zikipungua mnaweza kuongezewa chache. Mpatanishi hakati kesi, anawakalisha meza moja mpaka mkubaliane au mshindwe, na sikutozwa hata shilingi ya kumlipa yeye. Wakili wangu, huyo nilimlipa.

Yanayosemwa mle ndani ni siri, kwa hiyo nitasimulia ya nje. Mzee alifika mapema kwa bodaboda, kopo nililokuwa nimemrudishia amelikumbatia. Akakaa kwenye benchi la korido, akaanza kupanga risiti za reti, ile kodi ya ploti, mwaka baada ya mwaka, kila mwaka akiulalia kijiwe alichookota uani ili upepo usiuchukue. Karatasi zimekuwa rangi ya chai, muhuri wa zambarau umefifia, lakini namba ya ploti inasomeka kwa kila moja. Palikuwa na pengo mwaka 1997. "Mwaka huo mahindi yalinikataa," akasema, akaacha nafasi tupu ya karatasi moja kisha akaendelea. Wakili wa kaunti alipita, akasimama, akainama kusoma. Kwangu mimi kesi iligeuka hapo kwenye benchi.

Tulikubaliana: ploti ni yangu, nilipe reti zilizobaki bila faini, naye yule mwingine kaunti imtafutie mahali. Makubaliano yakasajiliwa kama amri ya mahakama, na hayakatiwi rufaa.

Mbona nisitoe nyota tano? Kaunti ilituma mara mbili afisa asiye na ruhusa ya kutia sahihi, tukanywa chai ya bure na kurudi nyumbani. Tena amri ilikaa miezi saba kabla ya kuingia kwenye daftari, na hapo mpatanishi hayuko tena wa kumsukuma mtu. Ukinunua ploti ya kanjo, yaani iliyogawiwa na baraza, soma daftari kwanza, barua uisome baadaye. Na umwombe muuzaji kopo lake.

Mwezi uliopita nilikwenda kuona jina langu. Lipo, wino mweusi, herufi moja imekosewa. Nikamwonyesha karani. Akaliangalia kwa makini, akaniambia nirudi Jumatano.