Kamashine ka kidole ama HbA1c?

Mathe yuko Kondele hapa Kisumu, ana sukari, na kila asubuhi kabla ya chai anajidunga kidole, kamashine kakisoma 6 anatabasamu siku nzima. Shida ni kwamba hiyo ni ya saa hiyo tu, ule ugali mlima wa juzi haiujui. HbA1c nayo ni kipimo cha damu cha maabara, kinaonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3, wengi huambiwa wakae chini ya asilimia 7. Mathe alijinyima wiki moja kabla ya kliniki, kamashine kakamsifu, HbA1c ikaleta 9.2! Tulicheka lakini si ya kucheka, sukari ikikaa juu hivyo inaharibu mishipa polepole mpaka ya moyo.

Lakini HbA1c haikuambii sukari imeshuka usiku ukitetemeka na kutoka jasho, na mwenye sikoseli (huku kwa ziwa ni wengi) inaweza kumpotosha, aambie daktari mapema. Mimi naona wa insulini asikose kamashine, wa vidonge na pesa ni kidogo aanze na HbA1c. Presha pima pia, hizi zote mbili haziioni.