Toyota Crown Athlete ya 2003–2008: Fungua boneti kabla hujanunua heshima

Dar es Salaam gari hili linafungua mageti. Mlinzi wa hoteli anasimama wima, kijana wa maegesho anakuita bosi kabla hujashusha kioo, na kwenye msafara wa harusi unaambiwa usogee mbele. Crown ya kizazi hiki, iliyotoka Japani Desemba 2003 na kuachia nafasi toleo jipya mwaka 2008, inastahili sehemu kubwa ya sifa hizo. Imetulia barabarani, viti vimeshiba, na injini yake ya V6 (silinda sita) ikiwa nzima huisikii ukiwa ndani. Shida ni kwamba wanunuzi wengi wanalinunua kwa macho ya watu, wakati matunzo yake yanadai mfuko wa mtu aliyelinunua kwa hesabu.

Anza na kibati cha chesisi ndani ya boneti. GRS180 ni ya injini ya lita 2.5, inayosukumwa na tairi za nyuma. GRS181 ni 2.5 ya tairi nne, GRS182 ni 3.0, na GRS184 ni 3.5. Nembo ya mkiani inabandikwa na yeyote mwenye gundi, na zipo GRS180 nyingi zinazotembea na maandishi ya 3.5. Vilevile zipo Royal Saloon, toleo jingine la Crown hiihii, zilizovalishwa grili na taa za Athlete. Kupamba gari si kosa. Kosa ni kulipa bei ya farasi 315 ukapewa farasi 215, halafu ukaona aibu kuuliza kwa sababu tayari umeshawatangazia watu kwamba unanunua 3.5.

Namba ya usajili nayo inapandisha bei bila sababu ya kiufundi. Ile herufi ya kwanza katika zile tatu za mwisho inaonyesha tu gari lilisajiliwa Tanzania kipindi gani. Crown ya 2005 yenye namba E bado ni ya 2005, na bushi zake zimezeeka kwa miaka ileile. Ukiwa na hela ya kuongeza ili upate namba mpya, hela hiyo ifanye kazi kwenye bushi na tairi.

Sasa injini, ambayo ndiyo inayowaumiza wengi. 2.5 inatumia 4GR-FSE, na petroli yake inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Kwenye injini za kawaida petroli hupita juu ya vali za kuingiza hewa na kuziosha, hapa haipiti. Mvuke wa oili unaorudishwa kwenye njia ya hewa unaganda juu ya vali hizo na kuwa masizi mazito. Dalili ni mtetemo gari likiwa limesimama kwenye foleni, kukosa nguvu ukikanyaga kidogo, na taa ya injini kwenye dashbodi. Mashine ya kusoma makosa ya injini ikionyesha P0300, au namba kati ya P0301 na P0306, maana yake ni kwamba silinda hazichomi sawasawa, na kuanzia P0301 tarakimu ya mwisho inataja silinda yenyewe.

Hapo ndipo fundi anayejiamini kupita ujuzi wake anapokula hela yako. Anabadilisha koili moja (kifaa kinachopeleka umeme kwenye plagi), anabadilisha ya pili, anahamia plagi, na mtetemo unabaki palepale. Fundi makini anahamisha koili ya silinda yenye shida kwenda silinda nyingine, kisha anapima tena. Tatizo likihama na koili, koili ni mbovu. Likibaki palepale, angalia plagi, kisha mgandamizo wa silinda, kisha fungua manifoldi ya hewa uone vali kwa macho. Dawa za kumimina kwenye tangi hazifiki kwenye vali hizo, hata kopo liwe limeandikwa nini, kwa sababu ileile kwamba petroli haipiti hapo. Vali zinasafishwa manifoldi ikiwa imefunguliwa, kwa brashi na kemikali, au kwa kupuliziwa unga wa maganda ya jozi (walnut). 3.5 ina nafuu upande huu, kwani injini yake inapuliza petroli sehemu zote mbili: ndani ya silinda na kwenye njia ya hewa.

Oili ya 5W-30 ibadilishwe kila kilomita 5,000 kwa mazingira yetu ya joto na foleni. Inaingia zaidi ya lita 6, kwa hiyo galoni moja ya lita 4 haitoshi. Pima kijiti kila wiki mbili, maana ringi za pistoni zikishikwa na masizi injini inakula oili kimyakimya.

Giaboksi ya spidi 6, kwa gari lililo nayo, haina kijiti cha kupimia. Inatumia mafuta ya giaboksi (ATF) ya aina ya WS pekee, na kiwango kinapimwa kwa tundu la chini mafuta yakiwa kwenye joto maalumu. Atakayekuambia anaijaza kwa kukadiria, chukua ufunguo wako.

Ukienda kulikagua, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na shika boneti kuhakikisha ni baridi. Washa usikilize kama mnyororo wa ndani ya injini unapiga kelele sekunde za mwanzo. Kisha weka D, kanyaga breki, washa AC, kaa dakika 5 nzima. Magari mengi mabovu yanajionyesha hapo, na ndiyo maana dalali atakuhimiza mwende mzunguko wa haraka ukaonje kasi. Angalia pia pampu ya maji mbele ya injini: utando wa waridi uliokauka ni alama ya kuvuja.

Athlete nyingi zinakuja na tairi 225/45R18. Ukuta wa tairi hiyo ni takribani milimita 101 tu, na shimo moja linatosha kupinda rimu. Royal ina 215/60R16, yenye ukuta wa milimita 129, na kimo cha tairi zote mbili kinapishana kwa milimita 5 hivi. Kwa hiyo unaweza kuvalisha Athlete rimu za inchi 16 bila kuharibu usomaji wa spidi, ila jaribu kwanza kama rimu inapita kwenye kalipa ya breki. Wengi wanafanya kinyume: wanapanda hadi inchi 20 na kukata springi, kisha wanashangaa boljointi na bushi hazimalizi mwaka.

Kwa dereva, kuna jambo linalopaswa kusemwa bila kuzunguka. Ukimya wa kabini unakudanganya. 110 inahisi kama 70. Farasi 215 kwenye tairi za nyuma, lami ikiwa na mvua ya kwanza iliyochanganyika na vumbi na oili, hazisamehi mguu mzito. Usizime TRC, mfumo unaozuia tairi kuteleza, ili kuwafurahisha watu. Dereva aliyezoea gari dogo la kuvuta mbele ajifunze upya kukanyaga mafuta taratibu kwenye kona.

Hesabu ya petroli ni rahisi. Kilomita 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni kilomita 1,040. Kwenye foleni 2.5 inakwenda karibu kilomita 7 kwa lita, yaani lita 149. IST ya 1.3 ikienda 13 kwa lita inatumia 80. Kwa anayeagiza, injini ya zaidi ya cc 2,000 inaingia daraja la juu la ushuru wa bidhaa, na umri wa gari unaongeza tozo ya uchakavu, kwa hiyo pitia kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hela Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, hivyo huko utapata zilizokwisha kutumika nchini tu.

Chaguo letu ni GRS180 ya Royal Saloon, rimu za inchi 16, vitabu vya matengenezo vipo, namba ya zamani, na mmiliki anayekubali ulete fundi wako na mashine yake. Ikiwa bei yake inakumaliza akiba yote, subiri. Bakiza walau gharama ya seti ya tairi, koili na plagi sita, bushi za mbele na bima kubwa. Na redio yake ya Kijapani inaishia 90 MHz, kwa hiyo ongeza na kifaa cha kupanulia masafa.