Taa ya LED ya wati 100 na hema la kuoteshea, hapa Tanga: taa haina neno, hewa ndiyo kesi

Nimeitumia seti hii chumbani, Chumbageni, tangu kusi hadi kaskazi, kwa saladi, mrehani na miche ya pilipili hoho. Taa ni bapa, haina feni ndani, inameza wati 100 na ina kitufe cha kupunguza mwanga. Hema ni sentimita 80 kwa 80, kimo 160, kitambaa kinachong'aa kwa ndani. Taa naipa nne kati ya tano. Hema, mbili na nusu, na zipu ndiyo iliyolipunguzia.

Nianze na kijitabu chake. Taa hizi zinatengenezwa kwa soko la wakulima wa bangi wa Marekani na Kanada, na maelekezo yote yamefuata mmea huo: mwanga wa maikromoli 600 hadi 900 (kipimo cha mwanga unaofikia majani), swichi ya "maua", saa 12 za giza. Kwetu kulima bangi ni kosa la jinai, na hata ungeweka hayo pembeni, vipimo hivyo vinababua saladi. Mboga ya majani inataka maikromoli 200 hadi 250 kwa mita ya mraba kwa sekunde, saa 16 kwa siku. Miche iliyotoka udongoni jana inatosheka na 100 hadi 150. Swichi ya maua sijaigusa, wala huihitaji.

Kwa ukubwa wa hema hili, asilimia 60 ya nguvu inatosha. Itundike sentimita 45 juu ya majani, 60 kwa miche michanga. Kama huna kipimo, programu ya simu inayopima mwanga kwa luksi itakusaidia kiasi: kwa taa nyeupe ya aina hii, gawanya luksi kwa 65 hivi upate maikromoli. Simu nyingi zinadanganya, lakini zinadanganya namna moja, kwa hiyo kwa kulinganisha sehemu na sehemu zinafaa. Mimi nilipata luksi 15,000 katikati na 9,000 pembeni. Tofauti hiyo si ndogo. Zungusha trei kila baada ya siku tatu, la sivyo za pembeni zitarefuka shingo na kuanguka. Mche ukirefuka na kulegea, taa iko mbali. Majani yakijikunja juu na kingo kuwa nyeupe, iko karibu mno.

Sasa joto, na hapa ndipo watu wengi wa pwani wanapotupa pesa. Umeme wote unaoingia kwenye taa unaishia kuwa joto ndani ya hema, hata ule uliogeuka mwanga kwanza. Ukitaka hema lisizidi chumba kwa zaidi ya nyuzi 2 taa ikiwa kwenye wati 100, unahitaji kutoa hewa kama mita za ujazo 150 kwa saa. Ukiridhika na nyuzi 4, nusu yake inatosha. Kwa hiyo nunua feni ya kunyonya ya inchi 4 iliyoandikwa mita za ujazo 180 kwa saa au zaidi, kwa sababu bomba na mikunjo yake vitakula sehemu ya nguvu hiyo. Iweke juu, tundu la kuingizia hewa liwe chini upande wa pili. Feni iliyokuja na seti yangu ilikuwa kichezeo, niliitoa wiki ya kwanza. Halafu lile boksi la umeme la taa, mafundi wanaliita draiva, litoe juu ya taa ulitundike ukutani nje ya hema. Waya wake unafika, na joto lake linabaki chumbani.

Washa taa usiku. Mimi naiwasha saa 12 jioni, inazimika saa 4 asubuhi. Watu hudhani sababu ni ubaridi wa usiku tu, lakini iko nyingine iliyo kubwa zaidi. Feni haikaushi hewa. Inaleta hewa ya nje kama ilivyo, na usiku hewa ya Tanga ni tope. Hewa ya nyuzi 26 yenye unyevu wa asilimia 85 ukiipasha hadi nyuzi 28, unyevu wake unashuka hadi kama 75 bila kifaa chochote. Yaani joto la taa, ambalo mchana ni adui, usiku linakufanyia kazi. Ukiwasha mchana na kuzima usiku, hema linalala na unyevu wa 90 na zaidi, na hapo kinyausi kinaingia: shina la mche linakonda pale linapogusa udongo, mche unalala kama umekatwa kwa uzi. Ukiuona mmoja, ng'oa na wa jirani zake. Mwagilia saa taa inapowaka, trei ikae majini dakika kumi inywe kwa chini, kisha mwaga maji yaliyobaki.

Taima nunua ya kidijitali yenye betri. Ile ya kuzunguka yenye vipini inasimama umeme ukikatika, ikirudi inaendelea pale ilipoachia. Umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu, mara mbili kwa wiki, taa yako inajikuta inawaka adhuhuri na hujui kwa nini saladi imechoka. Umeme ukikatika, fungua mlango wa hema mara moja. Na pitisha kila kitu kwenye gadi ya friji.

Kitu kingine kinachowasumbua wengi ni ncha za majani machanga ya saladi kuungua, rangi ya kahawia, ndani kabisa ya moyo wa mmea. Mtu anakimbilia mbolea ya kalsiamu. Mara nyingi kalsiamu ipo. Hewa imetulia, jani la ndani halitoi maji, na kalsiamu hupanda pamoja na maji hayo. Feni ndogo ya kubana, ikipuliza juu ya majani mpaka yatikisike kidogo, ilimaliza tatizo kwenye majani mapya. Yaliyokwisha kuungua hayaponi.

Udongo wangu ni makumbi yaliyosagwa, na Tanga hayakosekani. Angalia yametoka wapi. Makumbi yaliyolowekwa baharini kwa ajili ya kamba yana chumvi ya kutosha kuua trei nzima. Osha maji baridi mara tatu, kamua, onja. Ukisikia chumvi, rudia. Kisha yaloweke usiku mmoja kwenye maji yenye kalsiamu naitreti, kijiko cha chai kwa lita mbili, suuza. Ukiruka hatua hii, makumbi yatajivutia kalsiamu ya mbolea yako na mmea utabaki na njaa.

Gharama: taa kwenye wati 60 kwa saa 16, na feni ya wati 25 mchana na usiku, ni kama uniti 47 kwa mwezi. Kwa shilingi 356 kwa uniti ni karibu 16,700. Aliye kwenye tarifa nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi ajihesabu vizuri kabla hajawasha, maana hema peke yake linakula zaidi ya nusu.

Je, inalipa? Kwa miche na mrehani, ndiyo, mwaka mzima. Kwa saladi, kusi tu. Kaskazi chumba changu hakishuki chini ya nyuzi 28 usiku, na mbegu nyingi za saladi joto likipita 30 zinagoma kuota. Trei nimeziotesha sakafuni penye ubaridi, kando ya mtungi wa maji, zikaota, lakini zikishapanda hemani zinakimbilia kutoa mbegu, majani machungu. Miezi hiyo saladi ya Lushoto ikiteremka asubuhi inakushinda bei na ladha, usishindane nayo.

Skrubu za vibanio vya taa zilianza kutu mwezi wa tano kwa upepo wa bahari. Nimezibadilisha kwa za chuma kisichoshika kutu, na taa yenyewe nimeifunga kamba ya mkonge ya akiba, isije ikaangukia miche.